Mlaghai wa Barua Pepe Hazuiwi kwa Kufuta
Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Kigwa, kituo cha njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, ni mahali panapofaa kutafakari habari za barua. Mwaka 1871 Stanley aliukuta huko Unyanyembe mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa nje tarehe 1 Novemba 1870. Akaufikisha Ujiji takriban mwaka mzima baada ya tarehe hiyo. Haikuhitajika kufungua barua hata moja. Maandishi ya nje yalitosha kufichua ucheleweshaji.

Barua pepe nayo ina maandishi ya nje. Jina linalosomeka juu, liwe la mkurugenzi au la benki, mtu yeyote aweza kulibuni. Lakini kila seva inayoipokea barua huandika imeipokea kutoka wapi na saa ngapi. Mistari iliyoandikwa na seva ya ofisi yenyewe ndiyo ya kuaminika. Ile ya awali mlaghai aweza kuighushi.

Afutaye barua mbaya moja moja hajifunzi lolote, tena anaharibu ushahidi. Yapasa zitengwe katika folda moja, kisha fundi azitoe zote pamoja na maandishi yake ya nje, ayapange katika jedwali: anwani ya mtumaji, anwani ya kujibia, seva iliyotuma, tarehe. Hapo majina mengi yaliyodhaniwa kuwa ya watu mbalimbali huweza kuonekana yametoka seva moja.

Hata hivyo, kufunga mlango kwahitaji busara. Kuzuia Gmail yote kwa sababu ya tapeli mmoja ni kumfungia nje mzazi na mwalimu wa kijijini asiye na anwani nyingine. Izuiwe anwani yenye hatia, au kikoa kilichoundwa kwa ulaghai, na orodha ipitiwe upya mara kwa mara.

Aidha, jedwali hilo lina taarifa za watu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hivyo jedwali lisizagae ofisini, wala yaliyo ndani ya barua yasitolewe iwapo ya nje yatosha.

Kanuni hii si ngeni. Mwananchi anayepeleka ujumbe wa tapeli wa simu kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano hafuti tu; anawakinga wenzake. Ofisi nazo zifanye vivyo hivyo. Mlinzi mwema hamfukuzi mwizi akarudi kulala. Huchunguza kwanza alikopitia.