Ramani Haisomwi kwa Kichwa



Kwa mapadri, katika masomo ya sekondari, tulijua jiografia sana, lakini kwa kichwa tu. Lualaba inaanzia wapi? Kusini ya Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Mto Kongo una urefu gani? Kilometa 4,700 hivi. Tulipata alama nzuri. Ramani yenyewe ilitundikwa ukutani, na hakuna aliyeipima kwa rula.

Kisha tukawa makarani. Siku moja kampuni moja ilileta ramani ya mpaka mpya kule kijijini kwetu. Wazee wakatuita sisi wenye diploma: mpaka unafika wapi? Tukatazama. Mstari ulivuka kijito kidogo tu, santimeta tatu. Tukasema: ni pale pale kijitoni, msiogope. Wazee wakatia kidole.

Pembeni ya karatasi ilikuwa imeandikwa 1:20,000. Maana yake, santimeta moja ya karatasi ni santimeta 20,000 za udongo, ndiyo meta 200. Santimeta tatu ni meta 600! Mashamba ya mihogo ya mama zetu yakawa ndani yote. Hesabu ile mtoto mdogo anaiweza. Haya ile tunayo hata leo.

Kwa hiyo sasa, jioni, tunafundisha watoto wenu kwa mikono. Wanalaza uzi juu ya barabara ya Lubumbashi na Likasi katika ramani ya 1:1,000,000, ambako santimeta moja ni kilometa kumi. Wanapata karibu kilometa 120, kisha wanakwenda kuuliza madereva.

Tunasimika pia kijiti uani. Kitabu chetu cha zamani, kilichotungwa Ulaya, kilisema kwamba jua likiwa juu kabisa, kivuli kinaonyesha kaskazini. Kwao ni kweli. Lakini Lubumbashi iko digri 11 na zaidi kusini ya ikweta: mwezi wa sita kivuli cha adhuhuri kinaanguka kusini, mwezi wa kumi na mbili kinaanguka kaskazini. Tulikariri uongo miaka mingi, na kivuli tulikuwa tunakikanyaga kila siku.

Mama mmoja ametuuliza kama watu wazima wanaweza kuja. Waje! Rula tunazo tatu tu. Mwenye ramani ya zamani nyumbani, hata imepasuka, ailete.