Matofali ya Ghala Letu
(Maneno ya Kamati ya Ujenzi mbele ya mkutano wa wanachama)



Mmetuuliza: yale matofali 200 ya ghala yamekwenda wapi? Yamevunjika. Mifuko miwili ya saruji imepotea, na ilinunuliwa kwa fedha ya mazao yenu. Wapo wanaosema eti mashine ni mbovu. Jamani, mashine haina kosa. Kosa ni letu sisi kamati.

Mashine hii, Cinva-Ram, ilibuniwa Bogotá, nchini Kolombia, katika miaka ya 1950, ili watu wa kipato kidogo wajijengee wenyewe. Haina moto wala mota. Unavuta mpini, udongo unashindiliwa, na hakuna mti unaokatwa kwa kuni. Lakini nguvu za mkono peke yake hazitoshi. Saruji haikauki kama nguo kambani; inakula maji ndipo inashika. Sisi tuliyaanika matofali juani, tukafurahi yalivyopauka upesi! Maji yakatoka kabla saruji haijashiba. Siku ya kupanga ukuta, ukishika tofali, pembe inabaki mkononi.

Halafu udongo. Tulichota ule wa juu, mweusi wenye mizizi, kwa sababu ulikuwa karibu. Sasa tumechimba chini yake, tukaupima kwa kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Udongo uliolowa unashindiliwa humo, unaachwa ukauke, kisha unaangalia umejikunja kiasi gani. Huu wetu umejikunja milimita 18, na kwa kipimo hicho ndipo tunapanga kiasi cha saruji. Ungezidi milimita 50 tungeuacha, au tungeuongezea mchanga.

Maji nayo yana kipimo chake. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa bega lianguke kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande vichache, sawa. Likibaki zima kama tonge la ugali, maji yamezidi, likitawanyika, yamepungua. Na saruji ikishatiwa maji, mchanganyiko wote ufyatuliwe papo hapo. Siku ile sisi tulikwenda kula kwanza, tuseme kweli.

Matofali mapya yatakaa kivulini, yamefunikwa majani ya migomba, yakinyunyiziwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Hayatajengewa kabla ya wiki 4. Tunajua mavuno yamekaribia na wengi mnaona tunachelewesha. Basi magunia yatalala kwa wanachama wenye nafasi majumbani kwao mpaka ukuta usimame.

Tunaomba mkutano utupe mifuko miwili mingine. Mkikataa, wajumbe tutachanga wenyewe. Zamu za kunyunyizia zimeandikwa chini ya karatasi hii. Tumeanza na majina yetu. Kila kaya ije na ndoo yake, kisima ni mbali.