Ni Bahari, Haichafuki?



Maneno haya niliwaambia vijana wenzangu baada ya tarawehe, kamati ikaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa hivyo ukiona Kimvita kimeingia usinilaumu.

Naanza na kosa letu. Ramadhani iliyopita tulifuturisha. Watu walikula wakashiba alhamdulillahi, tukabaki na magunia manne ya sahani za plastiki, vikombe na chupa za maji. Tukamwita mtu wa mkokoteni, tukampa shilingi mia mbili, tukamwambia, "Peleka." Hakuna aliyemuuliza wapi. Siku ya tatu nikateremka Kibarani maji yamekupwa, nikaona vikombe vya kijani vimenasa kwenye mizizi ya mikoko. Utaniambia vikombe vya kijani viko kila mahali. Sawa, lakini hivi nilivipatana bei mimi mwenyewe, navijua.

Na mahali penyewe ni Kibarani, ya Rabi! Kwa miaka mingi taka za mji mzima zilimwagwa hapa, ukingoni mwa maji kabisa. Matatu ikikaribia, kina mama wavuta mitandio kuziba pua, na makanga hana haja ya kutangaza steji, harufu yatosha. Jaa likafungwa 2018, taka zikapelekwa Mwakirunge, hapa pakafukiwa udongo na kupandwa miti. Lakini kufukia si kuondoa. Zile taka ziko chini ya miguu yetu.

Maji yenyewe nayo yalifungwa. Tulikuwa twasema "daraja la Makupa", kumbe halikuwa daraja, lilikuwa tuta lililoziba mkondo tangu enzi za ukoloni. Maji ya upande huu hayapiti kwenda upande wa pili, kwa hivyo uchafu ukiingia wakaa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka, mafuta yakamwagika kwenye mkondo huu wa Makupa, mikoko ikafa. Daraja la kweli lilifunguliwa Agosti 2022, maji yakaanza kupita tena. Mlango umefunguliwa, na ni mlango wa pande zote mbili: kikombe kilichokuwa kikikwama hapa, leo chaweza kwenda mbali.

Sasa nije kwenye hoja ambayo nimeisikia hata kwa watu wazima: "Kijana, hii ni bahari. Haichafuki." Nao wana dalili. Maswahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, akawajibu kuwa maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Lakini sisi tuliosoma Safina chuoni twajua kulikuwa na somo jengine. Maji machache hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike ladha, rangi au harufu. Basi nawauliza: maji ya choo yanapoteremka na mitaro, maji ya ukingoni yakawa meusi yanuka, hapo twasemaje? Sitoi fatwa, mashekhe wapo. Nasema tu kwamba "maji mengi" haikuwa ruhusa ya kutupa.

Na plastiki ni kesi nyengine. Haiozi. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo mpaka visionekane, samaki wakavila, na samaki twawala sisi. Kasa humeza mfuko unaoelea akidhani ni chakula. Mikoko, ambayo ndiyo malezi ya kamba, kaa na vidagaa, mizizi yake inayopumua ikifunikwa na takataka hukosa hewa.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Juni 2020 vikombe na sahani za kutumia mara moja zikakatazwa kwenye fukwe na hifadhi. Iftari yetu ilikuwa mtaani, kwa hivyo sheria haikutugusa. Mizani ya sheria tulipita. Ile nyengine sijui.

Wenzetu wa Lamu walichukua takataka za plastiki na kandambili zilizookotwa ufuoni wakaunda jahazi, Flipflopi, likasafiri mpaka Unguja mwaka 2019. Mimi siwaambii tuunde jahazi. Nasema turudi kwenye sinia. Bibi zetu walifuturisha mtaa mzima kwa masinia, bilauri na birika la kunawia, na lori la taka hawakulihitaji. Leo sisi watu sita kwenye sinia moja twaona ushamba, kila mtu ataka sahani yake ya kutupa.

Niliposema haya, ndugu mmoja nyuma akauliza, "Na nani ataosha?" Watu wakacheka. Lakini ndilo swali la haki, maana nia bila wa kuosha itaturudisha kwa mtu wa mkokoteni. Kwa hivyo kuna daftari kwa katibu, zamu za kuosha masinia usiku kwa usiku. Jina la kwanza ni langu. Tumeshapata masinia kumi na mbili ya kuazima, twahitaji ishirini. Kama nyumbani kwenu kuna sinia kubwa limeegeshwa ukutani, andika jina lako chini yake kwa rangi, lije kabla ya Ijumaa.