Kidole Chako Kinahisi Gramu Ngapi?

Chukua tochi, bonyeza swichi yake polepole. Unasikia inavyogoma kidogo, halafu ta! Mafundi wanaotengeneza vitu hivi hupima huko kugoma kwa gramu. Vitufe vingi vya kompyuta huhitaji gramu 50 hivi. Lakini kidole chenyewe je, nacho kinapimika?

Kinapimika, na sisi wa Ifakara tunayo sababu ya kujua. Bonde la Kilombero limeishi na ukoma miaka mingi. Wazee watakueleza habari za Nazareti, walikotunzwa wagonjwa.

Kipimo hakitishi hata kidogo. Ni nyuzi za nailoni zilizoshikizwa kwenye vijiti, kila uzi unapinda kwa uzito wake: gramu 0.2, gramu 2, hadi gramu 300. Unafumba macho, mhudumu anakugusa mpaka uzi upinde, wewe unaonyesha alipogusa. Akisukuma zaidi, uzi unazidi kupinda tu, kwa hiyo mkono mzito wa mpimaji hauharibu kipimo. Ujanja huo mimi naupenda sana! Mkono mzima huhisi ule wa 0.2. Usipohisi wa gramu 2, mishipa ya fahamu imeumia. Pasipo na nyuzi, ncha ya kalamu ya biki hutumika, kwa kugusa kidogo tu.

Mkono wenye ganzi haujui umebonyeza kiasi gani, basi unakaza kupita kiasi. Msimu wa mpunga jembe linatoa malengelenge, hausikii. Sufuria inaunguza, hausikii. Kidonda kinaingia uchafu, kinafika kwenye mfupa. Jamani, vidole havidondoki kwa ukoma kama watu wanavyosema! Vinaharibiwa na vidonda ambavyo mwenyewe hakuvihisi. Ndiyo maana mwenye ganzi hushauriwa kuzungushia mpini kitambaa au mpira wa tyubu, na kukagua mikono yake kila jioni kwa macho.

Sasa wewe. Una baka lisilohisi mguso? Kidole cha mwisho kina ganzi? Nenda zahanati wiki hii. Dawa za mseto, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 1983, ni za bure. Humezwa miezi 6 au 12, na ukishaanza kuzitumia huambukizi wengine. Ganzi isiyozidi miezi 6 mara nyingi hupungua, hata kuisha, kwa vidonge vya prednisoloni unavyopewa na daktari. Ikikaa zaidi ya hapo, ni vigumu. Najua wengine mnaficha baka chini ya shati, mkiogopa mchumba atakimbia. Mwambie aje naye apimwe.