Uzi wa Hariri na Muhuri wa Mkaguzi



Kazi yangu serikalini ni kukagua mazao yauzwayo nje. Leo lakini nitasema juu ya hariri ya China, maana ndani yake mna somo.

Wachina ndio walioanza kufuga viwavi wa hariri, maelfu ya miaka iliyopita. Kiwavi hula majani ya mforosadi, kisha hujifungia katika kifuko cha uzi mmoja uwezao kufika mita 1,000. Nyuzi za vifuko kadhaa huvutwa pamoja katika maji ya moto. Hiyo ndiyo hariri ghafi. Bandari ya Shanghai ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1843, na ugonjwa ulipoua viwavi wa Ufaransa na Italia katika miaka ya 1850, wanunuzi walimiminika China.

Hata hivyo, kufikia mwaka 1910 hivi Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza hariri ghafi nje. Kwa nini? Mnunuzi mkubwa sasa alikuwa Marekani, na huko vitambaa vilifumwa kwa mashine ziendazo kasi. Uzi mnene hapa na mwembamba pale ulikatika, mashine ikasimama. Japani ilikagua mayai ya viwavi, na mwaka 1896 ilifungua nyumba ya kupimia hariri bandarini Yokohama. China haikukosa maarifa: Chen Qiyuan alijenga kiwanda cha hariri huko Nanhai, Guangdong, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Lakini hariri nyingi ilivutwa majumbani, kila nyumba kwa unene wake, na kwa miaka mingi serikali haikuweka kipimo kimoja. Ilichukua miongo mingi China kurudi mbele.

Vijana, nami nina kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini, jioni moja ya Ijumaa, niligonga muhuri kwenye shehena ya korosho bila kufungua gunia hata moja, kwa kuwa gari lilikuwa likinisubiri. Mnunuzi alikuta magunia machache mabovu, akashusha bei ya shehena nzima. Mimi mshahara wangu haukupungua. Wakulima walioanika na kuchambua vizuri ndio waliolipa.

Basi siku mtakayokabidhiwa muhuri, fungueni gunia kwanza.