Udongo ukikauka, deni ni letu: maneno yetu kwa vijana wa Kama



Wengi wetu tuko na diploma, kazi hatuna. Ndiyo maana mtu akisema petroli italeta kazi, tunategesha masikio. Leo tusikilize pia habari ya udongo.

Kule Équateur na Mai-Ndombe, chini ya misitu ya kinamasi, kuko udongo mweusi wa majani na mizizi ambayo haikuoza mpaka mwisho. Wataalamu wanauita turba. Ramani ya 2022 ilionyesha kilomita za mraba karibu 167,600 ndani ya Kongo zote mbili, na tani bilioni 29 hivi za kaboni. Karibu theluthi mbili ya kaboni hiyo iko kwetu.

Inakaaje pale? Juu ya maji. Gogo lililozama chini ya mto linadumu miaka. Lile lililoachwa pembeni, mvua na jua vikipokezana, linaoza haraka. Turba ni vile vile. Maji yakijaa, hewa haiingii, vijidudu vinavyoozesha vinafanya kazi polepole. Maji yakishuka, hewa inaingia na kaboni inapanda juu kama gesi. Joto linaongeza mwendo. Tusidanganyane: hata kinamasi chenye maji kinatoa metani, na joto linaizidisha. Lakini ukavu na joto vikikutana, akiba ya maelfu ya miaka inaondoka.

Si hadithi. Wataalamu wamesoma ndani ya turba yetu kwamba kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita hali ya hewa ilikauka, na sehemu kubwa ya udongo huo ikaoza. Indonesia, miaka ya 1990, serikali ilichimba mifereji Kalimantan ili ilime mpunga. Mpunga haukufaulu, turba ikakauka, na mwaka 2015 moto ukala ardhi chini kwa chini.

Kwetu, mwezi wa 7 mwaka 2022, serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli, vingine juu ya turba. Mwaka 2024 ukafutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vingine 52.

Mtu wa Kama atauliza: hiyo inatuhusu nini? Msitu wetu unarudisha maji hewani, na maji hayo yanaanguka tena kama mvua katika bonde la Kongo. Tukiumaliza kwa moto na makala, tunasaidia kukausha.

Basi tunaomba mambo matatu. Wabunge wa Maniema waseme wazi, mbele ya raia, wako upande gani juu ya vitalu hivyo. Anayeahidi kazi aandike: kazi ngapi, za nani, kwa miaka mingapi. Na sisi wenyewe tulinde vinamasi na msitu wa hapa, tusingojee Kinshasa.

Hatukatai kazi. Tunakataa kuuza maji ili tununue moto.