Simu Nayo Iwe na Zamu

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika siku yetu ya kukutana. Tunaichapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mnaosoma hapa sasa:

Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari. Kazi iliyonilea ilikuwa ya simu, na kwa hiyo nitasema habari za simu, maana kwa kadiri ninavyoona majumbani mwetu, hiyo ndiyo inayotuibia usingizi na mazungumzo.

Nilipomaliza Kidato cha Nne katika miaka ya sabini niliajiriwa kuendesha swichibodi. Vijana hamkuiona. Wakati huo mtu aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mji wa mbali aghalabu alipitia kwetu. Taa ndogo iliwaka kwenye ubao, nami nikachomeka waya katika tundu lake, nikauliza namba inayotakiwa, nikaanza kumtafutia njia. Watu walingoja, pengine saa nzima. Njia ikipatikana walisema lililowaleta na kuagana, kwa sababu dakika zilikuwa zikihesabiwa na fedha ilikuwa yao.

Kazi ile ilichosha kichwa. Taa kumi zinawaka kwa pamoja, masikio yamebanwa na visikilizio, mwenye harusi na mwenye msiba wote wanapita kichwani mwako. Lakini ilikuwa na zamu. Saa ikifika, mwenzako alisimama nyuma ya kiti chako; ukavua visikilizio, ukampa, ukaaga. Ukishatoka mlangoni, simu imebaki ndani. Nawaomba mlishike neno hilo la zamu, kwa kuwa ndilo nililokuja nalo leo.

Leo kila mmoja wetu amebeba swichibodi mfukoni, na hakuna mtu anayekuja kusimama nyuma ya kiti. Wala haikutokea hivyo kwa bahati. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na taarifa ya habari ya redio ina dakika zake. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila usomaji unapokaribia mwisho, na baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Kidole kinateremka, na chini hakufikiwi.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Nitajizuia tu," mimi simwamini sana. Pale kazini hakuna aliyetutaka tujizuie. Tulipewa saa ya ukutani na mlango, basi.

Kuhusu mlango huo kuna jambo lililochunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha majaribio waliyowafanyia watu karibu 800. Wote walinyamazisha simu zao. Baadhi waliziweka mezani, wengine mfukoni au mkobani, wengine chumba kingine kabisa. Kisha wakapewa maswali ya kupima kumbukumbu na kufikiri. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioacha simu chumba kingine. Ni haki niseme pia kwamba waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye hawakupata wote jibu lile lile. Lakini haigharimu kitu kujaribu nyumbani kwako wiki moja.

Mimi nyumbani nilianza na chaja. Niliitoa chumba cha kulala nikaiweka sebuleni, na simu zote za nyumba hulala huko kuanzia saa 3 usiku. Mjukuu wangu alidai simu ndiyo inayomwamsha asubuhi. Nikamnunulia saa ya mezani yenye kengele. Alinuna siku mbili. Madaktari hueleza kwamba mwanga wa kioo usiku huufanya ubongo udhani bado ni mchana, na ile homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa. Sawa. Ila nadhani yaliyomo ndani ya kioo yanatukesha kuliko mwanga wake: deni, ugomvi wa ukoo, picha za mwenzako aliyejenga.

Ndugu Mwenyekiti, najua swali linalokuja, maana kila ninaposema haya huulizwa hilo hilo: na msiba je? Mtu akizidiwa usiku kijijini, simu imelala sebuleni, nani atasikia? Swali hilo ni la kweli. Kwetu sisi simu ndiyo mjumbe wa ukoo, na ndiyo benki ya aliye mbali na benki. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, ada ya shule na fedha ya hospitali zimekuwa zikipita humo.

Jibu langu ni zamu. Katika nyumba yenye watu wazima watatu hakuna sababu ya wote watatu kulala jicho moja wazi. Simu moja iachwe na sauti, tena ya kupigiwa tu, na mwenye zamu ajulikane. Wa mbali waambiwe: kukiwa na jambo zito msiandike ujumbe, pigeni. Wengine walale kabisa. Yule anayeendesha bodaboda, au mwenye kibanda cha kutuma fedha, hawezi kufuata saa zangu, maana simu ndiyo duka lake. Basi achague zake, hata ziwe za mchana, mradi ziwepo.

Wenzetu Ufaransa wamefika hata kwenye sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kuachana na simu na barua za kazi baada ya saa za kazi. Sisi tulioajiri watu tuna la kujiuliza hapo.

Sasa vijana. Hapa shuleni hamna simu, na wengi wenu mnahesabu siku za likizo kwa sababu hiyo. Nitawaambia moja tu, la macho. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walizichukua shule 12 za msingi. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, katika shule nyingine walikaribia 40. Kwa hiyo kengele ya michezo inapolia jioni na mwalimu wa zamu akawatoa mabwenini, msimwone adui. Na likizo ikifika, mjipigie kengele hiyo wenyewe.

Namalizia na kundi letu la WhatsApp. Msicheke, vijana: wanaotuma picha za maua saa 6 usiku ni wazee hawa mnaowaona mbele. Napendekeza lifungwe kila siku saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wasimamizi wanaweza kuliweka hivyo ili wao peke yao ndio waandike. Kwa ajili ya misiba na ajali, kila wiki itangazwe namba ya mwanachama mmoja wa zamu, apigiwe saa yoyote, naye awajulishe wanaohusika. Kila mmoja wetu atapata zamu chache tu kwa mwaka.

Wiki ya kwanza naichukua mimi. Zamu za usiku nazijua.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja.